Miguu ya Bandia na Haki Uwanjani

Mashindano ya mbio yana heshima kwa sababu moja kubwa: kila asimamaye kwenye mstari hutegemea nguvu ya mwili wake. Kwa miaka mingi sasa msingi huo umekuwa ukihojiwa, kwani wamejitokeza wakimbiaji waliokosa miguu ambao hukimbilia miguu ya bandia ya nyuzi za kaboni, iliyopinda mfano wa mundu.

Mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilitunga kanuni ya kukataza kifaa chochote chenye springi kinachompa mchezaji faida. Kanuni hiyo ilimkuta Oscar Pistorius wa Afrika ya Kusini, aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa na miezi 11. Vipimo vilivyofanywa Cologne, Ujerumani, vilionyesha kwamba alitumia nguvu pungufu kwa kiasi cha asilimia 25 kuliko wenye miguu waliokwenda kasi ile ile. Januari 2008 akapigwa marufuku.

Mwezi Mei mwaka huo, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne, Uswisi, iliitengua marufuku hiyo. Ilisema kwamba vipimo havikuangalia mwanzo wa mbio, ambapo mwenye miguu hiyo huchelewa kuchomoka, na kwamba Shirikisho halikuthibitisha kuwa, faida na hasara zikijumlishwa, mkimbiaji huyo anabakiwa na faida. Mwaka 2009 wataalamu wale wale waliompima kwa ajili ya utetezi wake walitofautiana hadharani. Baadhi walisema wepesi wa miguu hiyo humwezesha kuirudisha mbele upesi mno. Wengine wakajibu kwamba haiwezi kuisukuma ardhi kwa nguvu ya mguu wa nyama na mfupa.

Pistorius alikimbia katika Olimpiki ya London mwaka 2012, akaishia nusu fainali ya mita 400. Wiki chache baadaye, katika michezo ya walemavu mjini humo humo, alishindwa mita 200 na Alan Oliveira wa Brazil, na yeye mwenyewe akalalamika kuwa miguu ya mwenziwe ni mirefu kupita kiasi! Baadaye alihukumiwa kwa mauaji aliyoyafanya mwaka 2013, lakini suala la miguu halikuwa lake peke yake, wala halikwisha naye.

Mwaka 2015 Shirikisho liligeuza mambo: mkimbiaji ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa kifaa chake hakimpi faida. Blake Leeper wa Marekani, aliyezaliwa bila ya miguu chini ya magoti, alikwenda mahakamani. Oktoba 2020 Mahakama iliamua mambo mawili. Kwanza, si halali kumtwika mlemavu mzigo huo wa uthibitisho. Pili, miguu ya Leeper ilimpa kimo kinachozidi kile ambacho angekuwa nacho kama angezaliwa mzima, na kwa hiyo hakuruhusiwa. Mawakili wake walipinga kwamba kipimo cha kimo kilichotumika kilitokana na miili ya Wazungu na Waasia, hali mteja wao ni mtu mweusi.

Sisi tunaona kwamba uamuzi huo, katika sehemu zake zote mbili, uko karibu na haki. Kila aliyepata kufika mbele ya kadhi anajua kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Mwenye kukataza naye atoe hoja zake. Lakini huruma nayo haitoshi kuwa sheria. Mwenye miguu anayeshindwa kwa urefu ulionunuliwa dukani naye amedhulumiwa. Kipimo ni lazima kiwepo, na kiwe kimewapima pia watu wa Afrika, maana hatuwezi kukubali kupimwa kwa kanda ya cherehani iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Visiwani kwetu mzozo huu waweza kuonekana wa mbali. Hata hivyo, unatuhusu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 30 cha Mkataba huo kinazitaka nchi ziwawezeshe walemavu kushiriki michezo, wakiwemo watoto wa skuli. Wakati mahakama za Ulaya zinajadili sentimita za mguu wa kaboni, mtoto aliyekatwa mguu shamba anahitaji kwanza mguu wa kumfikisha skuli, kisha fundi wa kuurekebisha kila anapokua, kwani mfupa wa mtoto haungojei bajeti.

Twawaomba wakuu wa afya, elimu na michezo wakae meza moja na kulipangia jambo hili fungu lake. Mtoto huyo hajafika kwenye mstari wa kuanzia, na hapo ndipo dhuluma iliyo kubwa zaidi ilipo.