Akaunti za Uongo na Utapeli wa Uchumba: Mpaka wa Sheria

Kujuana na kuchumbiana kwa njia ya mtandao si jambo lililokatazwa na sheria, na wako waliooana kwa njia hiyo wakakaa kwa salama. Kadhalika, sheria haimwadhibu mtu kwa kupunguza umri wake, kutia picha aliyopigwa miaka kumi nyuma, au kumwambia mwenziwe kuwa anampenda ilhali hampendi. Uongo wa namna hiyo ni aibu, lakini si jinai. Linalofaa kufahamika ni mahali ambapo uongo huo huvuka mpaka na kuwa kosa.

Mpaka wa kwanza ni kutumia nafsi ya mtu mwengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu cha 50 kinachohusu kulimaliza kosa kwa malipo bila ya kesi kusikilizwa, ambacho hakitumiki Zanzibar. Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo kinakataza mtu kujifanya mtu mwengine kwa kutumia kompyuta, na simu ya mkononi imo. Adhabu iliyowekwa wakati Sheria ilipotungwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Au kifungo kisichopungua miaka 7. Au vyote viwili. Kwa hiyo daktari au askari ambaye picha na jina lake vimechukuliwa naye amekosewa, hata kama hakupoteza senti moja, na anayo haki ya kushtaki.

Akaunti yenye jina la kubuni ina uzito mwengine. Kifungu hicho kinamzungumzia "mtu mwengine", na mtu asiyekuwepo duniani ni vigumu kusema kuwa ameibiwa nafsi yake. Hapo ndipo unapokuja mpaka wa pili, ambao ni mali.

Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa la zamani kuliko mtandao. Kwa Zanzibar limo katika Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018. Sheria za jinai za Afrika Mashariki zimelirithi kosa hili kutoka Uingereza, na maana yake ya asili ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani: uongo lazima uhusu jambo lililokwishapita au lililopo, na msemaji awe anajua kuwa si kweli. Ahadi ya mbeleni haikuhesabiwa. Uingereza yenyewe imekwishaiacha njia hiyo, na Sheria yake ya Udanganyifu ya mwaka 2006 inahesabu hata uongo juu ya nia ya msemaji. Kwa maana ile ya asili, mtu aliyesema "nitakuoa", akapokea zawadi kisha asioe, si lazima awe ametenda jinai. Lakini aliyesema "mimi ni mhandisi wa meli, nimelazwa hospitali, nahitaji fedha za operesheni", naye si mhandisi wala hakulazwa, ametaja mambo yaliyopo ambayo ni ya uongo, na kwa hayo amepewa fedha. Mlalamikaji anayefika Polisi na kueleza tu kuwa ameachwa atakuwa ameliacha nyumbani lile lenye nguvu. Aeleze kwanza aliambiwa nini kuwa ni kweli.

Hila ya mzigo inafaa kutajwa peke yake. Mchumba wa ng'ambo hudai ametuma zawadi, kisha mtu wa pili hupiga simu akijiita afisa wa Forodha na kutaka ushuru utumwe kwa namba yake. Hakuna mzigo, wala hakuna afisa. Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba maalum ya malipo na hayapelekwi katika simu ya mtu binafsi.

Lipo pia la mwenye kupokea fedha kwa niaba ya "mchumba" na kuzipeleka kwengine. Iwapo anajua kuwa zimetokana na uhalifu, anaweza kushtakiwa kwa utakasishaji wa fedha chini ya Sheria ya Zanzibar Namba 10 ya mwaka 2009. Kila mtu anaweza kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa.

Kinachowanyamazisha wengi ni haya, khasa wenye vyeo. Lakini Marekani peke yake, mwaka 2022, watu wapatao 70,000 waliripoti utapeli huu, kwa hasara ya dola bilioni 1.3. Hao hawakuwa wajinga wote.

Sheria ya mwaka 2015 humfikia hata aliye nje ya nchi akimlenga mtu aliyeko Tanzania, ila kumkamata kunategemea ushirikiano wa nchi nyengine, na fedha zikishavuka ni nadra kurudi. Kwa hivyo siku ya kwanza ina thamani kuliko wiki ya pili. Mara baada ya kugundua, mwenye kutapeliwa awaarifu benki au kampuni ya simu ili fedha zizuiwe iwapo bado hazijatolewa. Asifute mazungumzo, ijapokuwa kuyasoma kunaumiza. Ayahifadhi pamoja na namba, picha na risiti za kutumia fedha, kisha ayafikishe kituo cha Polisi kilicho karibu. Ujumbe wa kitapeli uliotumwa kwa simu upelekwe pia katika namba 15040.