Hadithi za kugeuka (5): Karani aliyekuwa mtumishi

Nilikuwa nimeahidi kwamba sehemu ya tano itahusu wanaogeuka wanyama. Fisi wasubiri. Juni 16 redio ilitangaza Siku ya Kimataifa ya Wafanyakazi wa Majumbani, na Jumapili iliyofuata, tukitoka misa hapa kijijini Tlawi, msomaji mmoja alinishika mkono kando ya barabara. "Mwalimu," akaniuliza, "hizo hadithi za Wazungu unazotusimulia, mwanamume akigeuzwa mwanamke kwa nini hawi malkia? Mbona kila mara anaishia kuwa hausigeli?"

Swali ni zuri. Kwa kweli si kila mara, ila ni mara nyingi kiasi cha kuwa mkondo wake wenyewe: bwana mwenye ofisi na gari anajikuta ndani ya gauni jeusi na aproni nyeupe, amebeba sinia, anaitika kengele. Sababu ya kwanza ni sare. Taji halikufundishi kutembea, aproni inakufundisha. Inakwambia usimame wapi, uiname vipi, unyamaze lini, na mwandishi anapata kurasa nyingi za kumwonyesha mgeuzwa akijifunza uanamke kidogo kidogo, kwa kufua, kupiga pasi na kutandika. Sababu ya pili wengi hawapendi kuikiri. Mwanamume aliyechoka kuamua anatamani siku moja aamuliwe na mtu mwingine. Sitamcheka kwa hilo. Ninachomdai ni kukumbuka kwamba anapumzika ndani ya kazi ambayo mwenzake hapati likizo yake.

Lakini mkondo huo umesimama juu ya dhana kwamba utumishi wa ndani ni wa kike. Nani kasema? Katika Tanganyika ya mkoloni, aliyepika, aliyefua na aliyepiga pasi kwa kawaida alikuwa mwanamume. Aliitwa boi hata akiwa na wajukuu, alivaa kanzu nyeupe na mshipi kiunoni, na alijua kuoka keki ambayo mkewe hakuwahi kuionja. Wapishi, madobi na maboi wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao tangu 1939, na mwaka 1956 watumishi wa majumbani na mahotelini waligoma. Wengi wao walikuwa wanaume wenye familia. Laiti Mtanganyika wa 1950 angeandika hadithi ya bwana aliyegeuzwa mtumishi, asingekuwa na haja ya kugusa jinsia yake hata kidogo. Baadaye mishahara ikapungua thamani, wanaume wakapata kazi za viwandani na ofisini, na kazi ile ile, sufuria zile zile, ikawa ya msichana. Mwanasosholojia Janet Bujra aliandika kitabu kizima juu ya mgeuko huo mwaka 2000. Kwa maneno mengine, kilichobadilishwa jinsia kwetu ni kazi yenyewe.

Hata lugha ilituchanganya. Watu hudhani "mjakazi" ni mja wa kazi. Sivyo. Hilo "-kazi" ni la kale, maana yake mwanamke, ndilo tunalolisikia katika "mkazamwana" na "mkazamjomba". Mjakazi ni mja wa kike, basi. Sikio la leo likisikia "kazi" linamwona na ufagio mkononi, na kosa hilo dogo la sarufi limewaumiza wengi.

Sasa niruhusiwe kumleta nimpendaye, Nerissa. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, na vijana wa darasa langu waliusoma mchezo ule kwa ajili ya Shylock na ratili yake ya nyama. Mimi nilimtazama mtumishi wa Portia. Bibi yake anavaa joho la mwanasheria, naye anavaa la karani, wanaingia mahakamani na hakuna anayewatambua, hata waume zao. Graziano, mume wa Nerissa, anatamka mbele ya watu kwamba angefurahi mkewe awe mbinguni akaombe msaada huko, na mkewe amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, ameshika makaratasi. Mtu aliyezoea kutotazamwa usoni hahitaji uchawi ili ageuke.

Kiswahili kinaupendelea mchezo huu. Kiingereza lazima kichague karibu kila sentensi kama karani ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo uongo unasemwa upya kila mdomo unapofunguka. Sisi tunasema "yeye", "amekuja", "ameondoka", na Nerissa anapita bila kudanganya mtu. (Sisi Wairaqw tuna kituko chetu. Majina ya vitu yana jinsia, na mengi yakiingia katika wingi hubadilika jinsia, kama alivyoeleza Maarten Mous katika sarufi yake ya 1993. Bibi zetu waliwageuza watu na vitu kwa kuhesabu tu.)

Niliwahi kuuigiza mchezo huo katika shule moja ya wavulana. Enzi za Shakespeare wanawake waliigizwa na wavulana, nasi hatukuwa na namna nyingine. Mvulana mmoja mrefu, Nerissa wetu, alifungwa kanga mbili za mama yake, akapewa sinia. Ukumbi ulicheka mpaka alipovua kanga na kuvaa joho la karani. Kicheko kikakatika kama taa. Jioni alinirudishia sinia. "Mwalimu, kanga inabana hatua," akasema. "Na ukibeba sinia huwezi kumtazama mtu machoni, unatazama chai." Nimesoma uhakiki mwingi tangu hapo, na huo wake bado naukumbuka kuliko mwingine wote.

Nafasi inaniishia na redio sijaigusa. Tarehe ya siku hiyo ya wafanyakazi ilichaguliwa kwa sababu Juni 16, 2011 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulipitisha Mkataba Na. 189 juu ya kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Kwetu, amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilipandisha kima cha chini cha dada wa kazi anayelala kwa mwajiri wa kawaida kutoka shilingi 40,000 hadi 60,000 kwa mwezi. Wanaojiita wapenzi wa hadithi za aproni wazishike noti hizo kwanza.

Binti wa jirani yangu alipanda basi la alfajiri kwenda Arusha akiwa na jina zuri la Kiiraqw, lenye "tl" kama hili la kijiji chetu. Mama mwenye nyumba lilimshinda, akampa jina la Neema. Krismasi alikuja likizo, amependeza. Nilimwona mbele yangu njiani akielekea ziwani, nikamwita kwa jina lake mara mbili. Hakugeuka.