Tuitunze Shingo ya Jino Kabla ya Kutafuta Koleo

Aghalabu mtu anapozungumza juu ya meno hufikiria sehemu ile inayoonekana anapocheka: weupe wake, mpangilio wake, na matundu yanayotokea juu ya magego. Hapana ubaya katika kuyafikiria hayo. Lakini tunaona kwamba umekwisha fika wakati kwa wananchi wa visiwa vyetu, pamoja na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya afya, kuangalia sehemu nyingine ya jino, nyembamba na iliyojificha. Sehemu hiyo ni shingo ya jino, yaani pale ufizi unapolikumbatia.

Binadamu hujaaliwa seti mbili tu za meno: 20 ya utotoni, na kisha 32 ya kudumu. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila ya jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi hudhani kuwa nalo ni la utotoni na kwamba litabadilika. Halibadiliki. Likipotea limepotea, na wazee wetu walikwisha tuonya kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Yafaa basi ieleweke jinsi jino hilo lilivyoundwa. Sehemu ya juu, ambayo ndiyo taji, imevikwa enameli, na katika mwili wote wa binadamu hakuna kitu kigumu kuishinda. Kwenye ncha za magego enameli hufikia unene wa milimita 2 na nusu hivi. Lakini kadiri inavyoteremka kuelekea shingoni ndivyo inavyopungua, mpaka inakoma ikiwa nyembamba kama makali ya kisu. Hapo huanza mzizi, uliofunikwa na ganda jingine liitwalo sementamu. Ganda hili ni laini zaidi kuliko enameli, na pale shingoni halifiki hata unene wa unywele. Chini ya yote mawili iko dentini, ambayo imejaa vijitundu vidogo mno vinavyoelekea kwenye kiini cha jino, mahali palipo na mishipa ya fahamu.

Maganda haya mawili hayakutani kwa namna moja. Vitabu vya mafunzo ya udaktari wa meno vimezoea kueleza kwamba katika meno kiasi cha 60 kwa kila 100 sementamu huipanda enameli kidogo, kama kuti linavyolalia kuti lenzake katika paa. Katika 30 hukutana ukingo kwa ukingo. Katika 10 yaliyobaki hayakutani kabisa, na dentini huachwa wazi. Tena huenda jino moja likawa na hali zote tatu, upande huu hivi na upande ule vingine. Kwa hiyo yako meno ambayo ufa wake ni wa maumbile, na kinachouficha ufa huo ni ufizi peke yake. Ufizi ukinywea, maji ya baridi huupata mshipa, na mwenye jino huruka kwa maumivu ingawa halina tundu. Kila mmoja wetu anaijua methali ya ufa na ukuta. Hapa inatuhusu kwa maana yake halisi.

Ufizi wenyewe haukugandamana na jino tangu juu. Kati yake na jino pana mfereji mdogo ambao, kwa mtu mwenye afya, kina chake ni baina ya milimita 1 na 3. Katika mfereji huo ndimo ukoga unamojikusanya, nao ukoga ni umati wa vijidudu hai. Usipoondolewa, chumvichumvi za mate huugeuza kuwa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauuwezi tena.

Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, Profesa Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi zilizo nzuri waache kusafisha meno. Baina ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa wamekwisha kupata uvimbe wa fizi. Waliporejea kusafisha, fizi zao zilipona baada ya siku chache. Tunapenda habari hii iwafikie wale wanaoacha kusafisha meno kwa sababu wanaona damu. Damu hiyo kwa kawaida ni dalili ya ukoga, na dawa yake ni kusafisha kwa upole zaidi na kwa ukamilifu zaidi.

Likipuuzwa, jambo hili huteremka chini. Jino halikushikamana na mfupa moja kwa moja, bali hushikwa na nyuzi nyingi ndogo. Maradhi hula nyuzi, kisha mfupa, na jino zima lisilo na tundu hulegea, mara nyingi bila ya maumivu yoyote. Katika kisiwa cha Sri Lanka wataalamu waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai tangu mwaka 1970 hadi 1985, watu wasiokuwa na huduma yoyote ya meno. Kiasi cha 11 katika kila 100 maradhi yao hayakuvuka uvimbe wa fizi. Kiasi cha 81 yaliendelea taratibu. Lakini 8 yaliwaenda mbio, hata walipofikia umri wa miaka 45 walikuwa hawakubakiwa na jino. Hakuna ajuaye mapema yumo katika kundi gani, na kwa hiyo kujilinda kunatupasa sote.

Mzizi uliofichuka una adui mwingine, nao ni utamu. Vijidudu hugeuza sukari kuwa asidi. Enameli huanza kuyeyuka asidi inapofikia kiwango cha 5.5 katika kipimo cha pH, ilhali mzizi huanza kuyeyuka mapema zaidi, kipimo kikiwa bado juu ya 6. Ndiyo maana mzee aliyepita ujana wake wote bila ya tundu huanza kuoza meno pale shingoni. Chai ya sukari nyingi inayonywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi usiku haimpi nafasi ya kupona.

Katika mila zetu mna mema na mna yanayodhuru. Mswaki wa mti ni urithi mwema, ilmradi ncha yake itafunwe mpaka ilainike, ipitishwe kwa upole kwenye mpaka wa ufizi, na ifike upande wa ndani na kwenye magego ya nyuma. Mkaa uliopondwa na mchanga, pamoja na kusugua kwa nguvu kama asuguaye sufuria, hukwangua shingo ya jino mpaka likaingia pengo. Tumbaku hudhoofisha fizi na huficha damu ambayo ingetoa onyo. Ama tambuu, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha maradhi hayo, iwe imetiwa tumbaku au haikutiwa.

Hata hivyo, si haki kumtupia mwananchi mzigo wote. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya afya ya kinywa, na mwaka huo huo dawa ya meno yenye floraidi iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo. Taarifa yake ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba kiasi cha bilioni 1 wana maradhi makali ya fizi.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wazingatie mambo matatu. Kwanza, huduma ya kukwangua ukoga mgumu isogezwe karibu na watu, Unguja na Pemba, ili mkaazi wa kijijini anayekwenda kituoni na ufizi unaotoka damu asisubiri mpaka jino liwe la kung'olewa. Pili, dawa ya meno yenye floraidi ihesabiwe kuwa ni dawa, na bei yake iangaliwe kwa jicho hilo. Tatu, walimu wa skuli za msingi na wakunga wapewe mafunzo haya, kwani gego la miaka 6 huota mtoto yuko darasani, na fizi za mama mjamzito huvimba kwa wepesi.

Kung'oa jino ni kazi ya dakika chache, na anayetoka na pengo hulibeba maisha yake yote. Kulinda shingo ya jino kunahitaji mswaki, dakika mbili asubuhi na mbili usiku, na mtumishi wa afya aliye karibu. Hayo mawili ya mwanzo tuyatimize sisi wananchi. Hilo la tatu tunalingojea kutoka kwa Serikali.