Korona ilipowafungia wapimaji wa mvua na wa bahari

Ndugu zetu wa karyere wanatuuliza kila mara: bahari iko wapi, na Nyangwe iko wapi? Ni swali la haki. Wachimbaji wengi wa Kasongo na wa Kabambare hawajaona maji ya chumvi hata siku moja. Lakini mvua yenye kujaza mashimo yetu inatoka pia kule: sehemu moja ku bahari ya Hindi, nyingine ku Atlantika, na nyingine ku pori letu lenyewe, lenye kurudisha maji hewani kila siku.

Mwisho wa mwaka 2019, maji ya bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kupita kawaida. Mvua ikapiga Kenya, Somalia na Tanzania, na huku mto Ubangi ukafurika. Wenye kupima bahari waliliona lile joto mbele ya mvua. Waliliona juu ya vyombo: maboya yenye kuelea, yaliyofungwa kwa kamba ndefu hadi chini ya bahari, yenye kupima joto la maji na upepo na kutuma habari kwa satelite. Boya haliishi milele. Kila mwaka, ao karibu na mwaka, meli inapaswa kulifikia ili kubadilisha betri na kusafisha vyombo vyake.

Kiisha korona ikafika. Mwezi wa 3, 2020, meli za utafiti za nchi nyingi ziliitwa kurudi bandarini. Maboya yakabaki peke yake, na boya lililoharibika halikupata fundi.

Hata kule ku barafu ya kaskazini ugonjwa ulifika kwa njia ya kando. Meli ya Wajerumani, Polarstern, ilikuwa imejifunga ndani ya barafu tangu mwaka 2019 ili ipime mwaka muzima. Watu wa zamu mupya walipaswa kufika kwa ndege. Ndege zikakatazwa. Meli ikalazimishwa kuacha barafu yake mwezi wa 5, ikaenda kukutana na meli zingine mbili karibu na Svalbard ili kubadilisha watu, na tu kiisha ikarudi kuendelea na kazi. Ile barafu ya katikati haikuwa na watu wa kuipima. Na upande wa kusini, ku kituo cha Chile kiitwacho O'Higgins, watu 36 walikutwa na korona mwezi wa 12, 2020. Tulifikiri ugonjwa hauwezi kufika mahali hapana hata soko.

Wengi hawajui kama ndege za abiria nazo zinapima joto na upepo njiani, na kutuma hesabu kwa watu wa hali ya hewa. Mwezi wa 5, 2020, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema vipimo vya ndege vimepunguka kwa asilimia 75 hadi 80. Lakini lilisema neno lingine, na ile njo inatugusa zaidi. Ku nchi tajiri, vituo vya chini vinajipima vyenyewe kwa mashine. Ku nchi nyingi za Afrika, ni mtu anayetoka asubuhi, anaangalia chombo, anaandika ndani ya daftari. Mtu akifungiwa ku nyumba, daftari linabaki jeupe. Na shirika liliona hesabu za mikono zikipunguka.

Kwetu mnakumbuka. Tarehe 24 mwezi wa 3 Rais alitangaza hali ya dharura. Ndege na mabwato ya watu kutoka Kinshasa hadi mikoa yakakatazwa. Vituo vya ndege havikufunguliwa mpaka mwezi wa 8. Ku karyere, wanunuzi hawakuja, na wale waliobaki walitoa bei waliyotaka, ijapokuwa ule mwezi wa 8 dhahabu ilipita dola 2.000 kwa aunsi ku soko la dunia. Ile habari tumeisema mara nyingi, hatuirudilie hapa.

Sisi wachimbaji tunaweza kuelewa hasara ya wapimaji kuliko watu wengine. Mzigo wa kasiterite ukitoka ku shimo bila kupita ku mizani, ukachanganywa na mingine na kupanda kamyo, hakuna mtu anayeweza kuupima tena. Unaweza kulia mbele ya negosia mpaka usiku, kilo zako zimeenda. Mvua ya tarehe fulani ni vile vile. Ikinyesha na hakuna aliyeipima, haipimiwi mwaka unaofuata. Na mwenye kutafuta kujua kama masika inabadilika anakuta tundu ndani ya hesabu.

Tarehe 11 mwezi wa 9, 2020, ku Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilibomoa mashimo ya dhahabu, na watu wapatao 50 walihofiwa kufa ndani. Hatusemi kama korona njo iliwaua, wala kama boya la bahari lingewaokoa. Udongo ulilegea, maji yakaingia, watu walikuwa chini. Tunasema tu kama ku karyere zetu nyingi mchimbaji anashuka bila kujua mvua ngapi imeingia ndani ya udongo tangu siku tatu. Na ile haikuanza na korona. Wakati wa ukoloni Kongo ilikuwa na vituo vya kupima mvua vingi kuliko leo; vilikufa kimoja kimoja, bila ugonjwa wowote.

Nyangwe hapa watu wanapaswa kuwa wa mwisho kudharau kazi ya kupima. Mwaka 1871 Livingstone alisimama ku kando ya Lualaba yetu akifikiri labda ni Nili. Mwaka 1874 Cameron alifika, akapima maji na urefu wa inchi, akaona Nyangwe iko chini kuliko Nili pale Gondokoro, na maji yetu ni mengi zaidi. Maji hayapande mlima, basi haiwezi kuwa Nili. (Kama wazee wa soko waliulizwa vizuri, hatujui, wazungu walipenda vyombo vyao.) Stanley aliufuata mto, akatoka Boma mwaka 1877.

Mwaka 2020 kilichoendelea kufanya kazi ni vyombo vyenye kujitegemea, kama yale maboya madogo karibu 4.000 yenye kuzama mita 2.000 na kurudi juu kila siku 10. Sisi hatuna franga za kununua chombo cha namna ile. Lakini mtu anayeishi pale pale ku karyere hahitaji ndege ili afike ku kazi.

Sendika yetu inaomba kila kooperative iweke mkebe wenye kuta zilizonyooka, mahali pa wazi, mbali na miti na mabati. Kila asubuhi saa moja, mtu apime maji kwa rigla, aandike, amwage. Milimita moja ni litri moja ku kila metre karé. Milimita 50 ku hektari moja ni litri 500.000, ni kusema mapipa 2.500 ya litri 200, juu ya kilima chenye mashimo yenu. PDG wa shimo akiona ile hesabu, asiwashushe watu kabla ya kuangalia mbao na kuta.

Nani ashike daftari? Tunapendekeza wamama wenye kuuza chakula ku karyere. Wakati wanunuzi walipokimbia mwaka 2020, wao walibaki. Walipwe kitu kidogo kutoka ku sanduku la kooperative, na nakala ya daftari ipelekwe kila mwezi ku watu wa METTELSAT, ambao ni kazi yao. Rigla na daftari za kwanza zitatoka kwetu.