Sukari adimu: gunia la Maguu linatoa kilo ngapi?

Kwa kawaida ukurasa huu hutoa mwenendo wa bei za mahindi, maharage na kahawa. Wiki hii tunaziacha bei kidogo na kuangalia bidhaa ambayo haijapata kupanda kwenye mzani wa Mbinga, lakini malighafi yake imo maghalani mwetu. Bidhaa hiyo ni sukari adimu. Mfanyabiashara wa Maguu akisikia kwamba huko nje mahindi yanageuzwa sukari ya bei kubwa isiyonenepesha, lazima ajiulize kama naye ana fungu. Analo, ila ni dogo, na ni vema ajue linaishia wapi kabla ya kutoa fedha alizopata kwenye kahawa.

Sukari inayouzwa zaidi katika kundi hili inaitwa alulosi. Kiasili imo kwa chembe tu katika tini na zabibu kavu, ndiyo maana ikaitwa adimu. Utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari ya miwa, lakini gramu moja humpa mlaji karibu kalori 0.4 tu, wakati sukari ya kawaida hutoa 4. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula ya Marekani ilitangaza kwamba viwanda vinaweza kutoihesabu katika mstari wa sukari kwenye lebo. Hapo ndipo wenye viwanda vya biskuti na vinywaji walipochangamka.

Inatengenezwaje? Kila aliyeona pombe ya kienyeji ikipikwa anaijua hatua ya kwanza. Uji wa mahindi hauna utamu mpaka utiwe kimea cha ulezi. Ndani ya kimea mna vimeng'enya, na hivyo ndivyo vinavyokata wanga kuwa sukari. Kiwandani kazi ni hiyo hiyo, ila kila kimeng'enya kina zamu yake: cha kwanza hugeuza wanga kuwa glukosi, cha pili hugeuza glukosi kuwa fruktosi, cha tatu hugeuza fruktosi kuwa alulosi.

Hicho cha tatu ndicho kilichokosekana kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Profesa Ken Izumori wa Chuo Kikuu cha Kagawa, Japani, alimpata bakteria mwenye kimeng'enya cha namna hiyo katika udongo wa chuoni kwake. Mwaka 2006 watafiti wa Korea Kusini walieleza kingine kinachofanya kazi vizuri zaidi, kutoka kwa bakteria anayetia mimea uvimbe. Tatizo ni kwamba bakteria wa asili hutoa kimeng'enya kidogo, tena hakuna mnunuzi wa chakula atakayefurahia kusikia habari za ugonjwa wa mimea. Kwa hiyo jeni yenye maelekezo ya kimeng'enya huchukuliwa na kupandikizwa ndani ya bakteria mwingine aliyezoeleka viwandani, ambaye hulishwa katika matangi na kukitoa kwa wingi. Kisha wataalamu huibadilisha jeni hiyo kidogo kidogo ili kimeng'enya kivumilie joto la nyuzi 50 au 60, maana shira ikikaa kwenye uvuguvugu huingiwa na vijidudu na kuchacha. Mwishowe hufungiwa ndani ya mapipa marefu, na shira hupitishwa humo siku baada ya siku. Kimeng'enya kikichoka mapema, hesabu ya kiwanda inaharibika.

Sasa tupige hesabu kwa gunia la kilo 100. Wanga utakaotoka ni kama kilo 65, na glukosi karibu kilo 70. Hatua ya pili hugeuza takriban asilimia 42 tu kuwa fruktosi, yaani kilo 29 hivi. Hatua ya tatu husimama kwenye asilimia 30, hata ukiongeza kimeng'enya namna gani. Gunia zima, kwa mzunguko mmoja, linatoa kilo 8 au 9. Kilichobaki si hasara, kwani hurudishwa kuzungushwa tena au huuzwa kama shira, lakini lazima kwanza kitenganishwe na alulosi, na mitambo ya kutenganisha ni ghali. Faida iko kwa mwenye kimeng'enya na mwenye mitambo hiyo. Mwenye mahindi analipwa bei ya mahindi.

Wenzetu wa miwa walikwisha kuonja makali ya vimeng'enya. Shira ya fruktosi iliyotokana na mahindi iliingia katika soda za Marekani, na mwaka 1984 makampuni makubwa mawili ya vinywaji yaliiacha kabisa sukari ya miwa katika soda zao za huko. Marekani ikapunguza sana kuagiza sukari. Katika kisiwa cha Negros, Ufilipino, bei ilipoanguka, na kukiwa na sababu nyingine za kisiasa, vibarua wa miwa walipata njaa.

Alulosi haijafika huko. Hadi 2025 Umoja wa Ulaya ulikuwa haujairuhusu. China iliiruhusu mwaka huo, baada ya viwanda vyake kuiuza nje kwa muda, na mwekezaji mdogo hana ubavu wa kushindana na viwanda hivyo. Kwetu, kuleta bakteria waliobadilishwa jeni kunaangukia kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009, ambazo ni kali. Majaribio ya mahindi ya aina hiyo Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa na serikali mwaka 2018. Chakula chenyewe kinasimamiwa na TBS tangu 2019. Anayekuuzia hisa za kiwanda cha sukari adimu mwombe kwanza vibali hivyo, kisha muulize kimeng'enya anakinunua kwa nani.

Hatua iliyo karibu na uwezo wetu ni wanga. Wa mahindi una kazi, kwani punje hulowekwa siku moja hadi mbili katika maji yenye dawa ya salfa. Muhogo wa pwani ya Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, ni mwepesi zaidi: unakunwa, unaoshwa, unachujwa. Ila muhogo ukishang'olewa huharibika ndani ya siku mbili au tatu, hivyo mashine lazima iwe karibu na shamba, na maji safi yawe mengi. Wateja wapo hapa hapa nchini, katika viwanda vya karatasi, maboksi, gundi na nguo, na kwao hahitajiki bakteria wa Kijapani.