Mkandarasi Akiacha Kazi: Dhamana ya Ujenzi Hudaiwa Vipi?

Mkandarasi anapoondoa vifaa vyake na kuta za madarasa ya skuli hapa Vitongoji zikabaki bila paa, wananchi huuliza: nani atalipa? Jibu huanzia kwenye dhamana ya utekelezaji wa mkataba, ambayo mkandarasi huiwasilisha mwanzoni kutoka benki au kampuni ya bima.

Dhamana hiyo haimkingi mkandarasi. Humlinda mshitiri, yaani taasisi inayojengewa. Mkandarasi akikiuka mkataba, mshitiri humpa notisi ya maandishi. Asipojirekebisha, mkataba huvunjwa na madai hupelekwa kwa mdhamini.

Dhamana isiyo na masharti hulipwa mara dai linapowasilishwa kwa utaratibu ulioandikwa ndani yake. Yenye masharti huhitaji uthibitisho: mdhamini hupitia mkataba, hati za malipo na ripoti za mhandisi, hukagua kazi iliyobaki, kisha hugharamia ukamilishaji wa ujenzi au hulipa hasara. Baadaye humdai mkandarasi fedha hizo.

Malipo hayavuki kiwango kilichowekwa. Kwa mfano, dhamana ya asilimia 10 katika mkataba wa shilingi milioni 200 haizidi milioni 20, hata hasara ikiwa kubwa zaidi. Aidha, muda wa dhamana ukimalizika kabla ya dai kuwasilishwa, kwa kawaida mdhamini halipi.

Kwa hiyo, wananchi wanaoona kazi imesimama wanahimizwa kumjulisha sheha au diwani mapema. Kuchelewa kunaweza kuiacha skuli bila paa na Baraza bila fidia.