Atomu Katika Nuru Kali: Sehemu ya Tatu

Katika makala iliyotangulia tulibainisha kwamba elektroni za atomu hukaa katika madaraja maalumu ya nishati, na kwamba fotoni moja ikiwa dhaifu mno kuing'oa elektroni, fotoni kadhaa zikishirikiana zaweza kuitimiza kazi hiyo. Hesabu hiyo yatosha maadamu nuru ni ya kadiri; ama nuru ya leza iliyokusanywa mahali padogo, hiyo huyasogeza hata madaraja yenyewe.

Johannes Stark, Mjerumani, alidhihirisha mwaka 1913 kwamba nguvu ya umeme huyahamisha madaraja ya atomu, na kwa kuwa nuru nayo ni mawimbi ya umeme na usumaku, haina budi kufanya vivyo hivyo. Walakini hayahami yote kwa kadiri moja. Daraja la chini kabisa, ambalo elektroni yake imeshikwa barabara na kiini, hubaki karibu pale pale, ilhali elektroni ya madaraja ya juu, iliyo nusu huru, hutikiswa huku na huku na wimbi, na nishati ya mtikisiko huo huyainua madaraja hayo pamoja na mpaka wenyewe wa kutokea. Natija yake ni ya ajabu: kadiri nuru inavyozidi ukali, ndivyo nishati ya kuing'oa elektroni inavyopanda, mfano wa mnazi urefukao kila mkwezi aongezapo bidii.

Tutazame gesi ya zenoni, ambayo elektroni yake hung'oka kwa elektroni-volti 12.13. Nuru nyekundu ya nanomita 616 ina fotoni za elektroni-volti 2.01, sita hazifiki, ingawa zakaribia sana, basi zahitajika saba. Ukali ukiwa wati trilioni 10 kwa sentimita ya mraba, mpaka hupanda kwa elektroni-volti 0.35, ukifika trilioni 55 na ushei, hata fotoni ya saba haitoshi tena, na ya nane lazima iitwe.

Mbona basi jambo hili halikuonekana waziwazi tangu mwanzo? Pierre Agostini na wenzake, walioona huko Saclay, Ufaransa, mwaka 1979, kwamba elektroni za zenoni humeza fotoni zaidi ya zinazohitajika, walitumia mapigo marefu ya leza. Elektroni huhitaji pikosekunde zipatazo 10, yaani sehemu 10 za trilioni za sekunde, kutoka katika kitovu cha nuru. Na nuru ikiwa bado ipo, huisukuma nje na kuirudishia kila ilichonyang'anywa, hata mpimaji asione upungufu wowote.

Mwaka 1987 Freeman, Bucksbaum na wenzao wa Bell Laboratories, Marekani, walitumia mapigo yasiyotimia pikosekunde moja, yanayozimika kabla elektroni haijaondoka. Hapo siri ikafichuka: kilele kimoja cha nishati kikapasuka kuwa vilele vyembamba vingi, kila kimoja kikitokana na daraja lililoinuliwa likakutana sawasawa na jumla ya fotoni sita, kisha ya saba ikaitoa elektroni. Kila daraja lina ukali wake wa kukutania, na katika ukali huo ndipo elektroni hung'oka kwa wingi.

Kwa hiyo msomaji atakayetaka kupiga hesabu hizi mwenyewe asizitegemee jedwali za madaraja zilizopimwa katika nuru hafifu, ila kwanza aulize ukali wa leza na urefu wa pigo lake.